Kiu ya Mfaume

Kaka yangu Mfaume ni mkwezi wa minazi hapa Kisarawe, na mnazi ndio uliomwangusha. Kichwa kikapona, ikabaki kiu. Kiu gani hiyo, jamani! Ndoo nzima kwa siku, na chooni haishi kwenda. Akapimwa sukari, hana. Watu wakasema ni ulevi wa maji. Mimi Biasha sinyamazi, nikawauliza: ulevi gani usiomchangamsha mtu?

Kilichomuumiza ni ndoa ya Faudhia, bintiye wa pekee. Baba ndiye walii, ndiye wa kumshika mkono bwana harusi na kutamka kumwoza. Mdogo wetu Mwinyimadi akamwambia kwa upole, "Kaka, utatoka katikati ya hotuba ukakojoe. Niachie mimi." Mfaume akainuka akatoka. Baadaye nikamkuta nyuma ya banda analia, kopo la maji mkononi.

Wifi yangu Hajra, mkewe Mfaume, akaona amzoeze kukaa bila maji. Siku ya kupokea mahari akafungia maji yote chumbani tangu alfajiri: asipokunywa, atakojoa nini? Loh! Mfaume akaenda chooni vilevile, anakwenda na kurudi. Kufika adhuhuri midomo imemkauka, anaongea yasiyoeleweka, akaanguka mkekani mbele ya wageni.

Tukamkimbiza hospitali Kibaha. Daktari Marselina alipouliza kilichotokea, Hajra akainama. Nikasema mimi, "Tumemnyima maji, daktari, lakini mkojo haukukata."

Akaacha kuandika. "Hapo ndipo penyewe," akasema.

Akatueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya kunde. Maji yakipungua mwilini, inaachia homoni ya kuziambia figo ziyabane. Hata mbuzi anayo. Ya Mfaume iliumia alipoanguka, kwa hiyo figo zinamwaga tu, na ile kiu ndiyo iliyokuwa inamwokoa. "Mngechelewa kidogo, mngempoteza," akasema. Hajra akashika kichwa. Baada ya vipimo, Mfaume akapewa vidonge vya homoni hiyo, na onyo kwamba sasa anywe akisikia kiu tu, asizidishe.

Ijumaa ya ndoa, hotuba ikawa ndefu. Shehe Mwishehe akianza hana breki. Wanawake tulikuwa dirishani, Hajra kanibana mkono mpaka unauma. Mwinyimadi alikaa nyuma ya kaka yake, tayari kushika nafasi. Mimi namwangalia Mfaume magoti yake tu.

Hakunyanyuka. Akamshika mkono kijana, akamwoza binti yake kwa sauti yake mwenyewe.

Halua ikaanza kupita, mtu akampa glasi ya maji. Mfaume akanywa mafunda mawili, akaiweka chini. "Basi," akasema, "inatosha."

Hajra hakutoa chozi binti alipoozwa. Aliangua kilio alipoiona ile glasi bado ina maji.