Mechi ya Tano ya Benaco

Rafiki yangu, juzi nilikuwa natoka msibani Biharamulo, nikateremka Benaco kusubiri gari la kuniingiza Ngara mjini. Unaijua Benaco ya leo: malori ya Rwanda yamepanga foleni, gesti kila hatua, moshi wa mishkaki. Nikakaa kwenye kibanda cha chipsi, nikafungua simu. Siku hiyo wasichana wetu walikuwa wanacheza kriketi na wasichana wa Rwanda. Mechi zilipangwa tano, na nne zilikuwa zimeshachezwa: sisi mbili, wao mbili. Iliyobaki ndiyo hiyo, kufa au kupona.

Dereva mmoja wa lori akachungulia begani kwangu. "Dada, mchezo gani huo, wanapiga mpira na kipande cha mlango?"

"Kriketi, kaka."

Akaenda kuoga, akarudi na taulo begani. "Nani anaongoza?"

"Bado."

"Ala! Nimekuacha hapa nikaenda kuoga, nimerudi bado ni bado!"

Nikacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Maana pale nilipokaa, kuteremka kidogo nyuma ya vibanda, ndipo ulipokuwa uwanja wetu. Na mimi nawajua Rwanda kwa kriketi tangu nikiwa mtoto. Sisi nasi tulipanga mechi tano, hapo hapo.

Wewe uliyezaliwa baadaye huwezi kuiona Benaco ile ya kambi ya wakimbizi wa Rwanda hata nikusimulie mpaka kesho. Vilima vyote vilikuwa maturubai ya bluu. Hewa ilinuka moshi wa kuni mbichi, uji wa unga wa njano wa msaada, vyoo, na dawa waliyotia kwenye maji. Mchana kutwa ulisikia shoka. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa ametoka Kirushya na machipukizi yake ya migomba kuja kulima huku kwenye ardhi pana, akidhani anakimbia msongamano. Maskini bibi. Siku moja akaamka akakuta mji umelala mlangoni kwake.

Jirani yetu alikuwa na miti yake upande wa juu, na ikaisha yote. Alikuwa anasimama barabarani anapiga kelele, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa nani kawapa shoka?" Watu wakicheka. Bibi hakuwa anacheka. Alichukua mikungu yake ya ndizi akaenda kubadilishana na unga wa njano, akarudi, akasema tu kwamba kule ndani watoto wanakohoa.

Kriketi aliileta fundi wa maji, mtu wa Pakistan, aliyekuja kuchimbia kambi visima. Jioni alikuwa hana kazi, akachonga ubao, akachomeka vijiti vitatu ardhini, akakusanya watoto wa kambini na sisi wa vijijini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. "Vijiti linda! Vijiti linda!" Hiyo ndiyo sheria tuliyoielewa kwanza; ya pili, ukiupiga mpira mbali unakimbia, na kila mkimbio ni alama moja. Lugha kati yetu watoto haikuwa tabu: sisi tuliongea Kihangaza, wao Kinyarwanda, kuamkiana asubuhi sisi tukisema bwakeye wao wakisema mwaramutse, na hakuna aliyetafuta mkalimani. Ni yeye fundi aliyetugawa. Akasema ninyi Tanzania, ninyi Rwanda, mechi tano.

Mpira tuliusuka wenyewe kwa maganda makavu ya mgomba wa bibi. Na hapo ndipo tulipoharibu kriketi ya watu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu, hata kama ni viazi viwili. Mkono mtupu haulambwi, bibi alikuwa anasema hivyo mara nyingi kuliko alivyokuwa anasali. Basi, timu iliyoshinda ndiyo iliyolala na mpira, na siku ya kuurudisha uwanjani ilikuwa lazima iuongeze tabaka. Kila mechi mpira ukazidi kunenepa. Fundi wa maji akaupima kwa kiganja, akashika kichwa. "Hapana kriketi hii! Hii papai!" Tukamwambia ndivyo alivyosema bibi. Akaurudisha uwanjani, maana na yeye alikuwa anakula ndizi za bibi.

Mrushaji wao alikuwa msichana wa umri wangu. Mwembamba, gauni moja, hana mtu ila dada yake mkubwa. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na weee! Ule mpira ulikuja umepinda, ukautegemea huku, unakuta vijiti vimeshalala. Nilimchukia mechi nzima ya kwanza, na ya pili nikamleta nyumbani.

Bibi alimpenda mara moja kwa sababu ya shikamoo yake, aliyojifunza sijui wapi na kuitoa kama mtu anayesoma risala. Lakini alipompa bibi kuni alizookota, akampa kwa kushoto. Bibi akarudisha mikono nyuma. "Mjukuu wangu, huo wa kurushia. Cha mtu kinatolewa kwa huu." Akamgusa mkono wa kulia. Yule mtoto akahamisha zile kuni, akatoa tena, amepiga goti. Tangu siku hiyo hakukosea. Uwanjani kushoto, kwa bibi kulia.

Jirani alimwuliza bibi kama anajua baba wa yule mtoto alifanya nini huko walikotoka. Bibi akasema, "Mimi namlisha yeye, sijamlisha baba yake." Hakumwuliza kamwe, na mimi akanikataza.

Mechi ya kwanza tulishinda sisi, ya pili wao. Kabla ya tatu, mtoto aliyekuwa anasimama nyuma ya vijiti kuwadakia mipira alikufa kwa kuhara. Siku mbili tu, akaisha. Hawakumweka mwingine. Pale nyuma wakapaacha wazi, na kila mpira uliowapita ulibiringika mpaka kwenye makaburi, ambako hakuna aliyetaka kuufuata. Sisi tukakimbia, tukahesabu, tukashinda. Sijawahi kushinda kitu kibaya kama kile. Ya nne wakatupiga wao kwa mkimbio mmoja, yule wa kushoto akaangusha vijiti vyangu mimi mwenyewe, akaondoka na mpira juu ya kichwa chake. "Jumamosi!" akaniambia. Mbili kwa mbili. Nilikuwa silali vizuri kwa kuingoja Jumamosi.

Jumamosi haikuja. Katikati ya wiki likatoka tangazo kwamba wote warudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Msichana akaja kwa bibi jioni, hakula. Alisema dada yake anaogopa, ana watu huko wanaomjua. Bibi akamwuliza, "Na wewe?" Akasema yeye haogopi sana, ila hajui nyumba yao iko upande gani. Halafu akanigeukia. Akaniambia mpira uko salama, atauleta.

Kulipokucha kambi ilikuwa imekimbia. Si kuelekea Rwanda, hapana: walikimbilia ndani, upande wa Biharamulo. Mjomba wangu wa Nyamigogo alituambia baadaye aliwakuta wamelala mashambani kwenye mvua, wamama na vichanga, hawapiki wasionekane moshi. Mimi nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani wamebaki na mechi itachezwa. Haikupita muda askari wakawazuia, wakageuzwa wote, wakarudishwa kwa barabara ile ile, kwa miguu, kwenda Rusumo, kwenye daraja la mpakani.

Nilisimama kando ya barabara na bibi. Mvua ya Desemba. Sijaona tena watu wengi namna ile, na sitaki. Ulisikia nyayo kwenye tope, sufuria zikigongana, watoto wakilia kwa sauti za kuchoka. Jirani yetu, yule wa miti, alikuja kuwaona wakiondoka kama alivyoomba siku zote. Alitazama, akavua kofia, akarudi kwake. Bibi alikuwa na ndizi za kuchemsha kwenye kapu, anampa yeyote anayenyoosha mkono, mpaka zikaisha akabaki ameshika kapu.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa katikati ya barabara, godoro kichwani, dada yake kamshika gauni. Nikamwita. Akageuka. Kutoka nje ya mstari ilikuwa haiwezekani, askari walikuwa wanapiga kelele watu wasisimame. Akaingiza mkono kifuani akatoa mpira.

Rafiki yangu, yule mtoto kwa kushoto angeweza kunilenga jicho. Nilikunja viganja, nikajiandaa kuudaka. Nikamwona anauhamisha. Akauweka mkono wa kulia, akainama kidogo na godoro lake, akamtazama bibi, ndipo akautupa. Kwa kulia hakuwa na nguvu hata ya kufukuza kuku. Ukaanguka njiani, kwenye miguu ya watu. Bibi ndiye aliyeingia kuuokota, na uzee wake, akasukumwa, akatoka na tope mpaka magotini. Tulipoinua macho, godoro lilikuwa limeshachanganyika na magodoro mengine.

Mpira ulikuwa umeongezwa tabaka. Walikuwa wameuvisha turubai la bluu, limekatwa nyembamba na kusukwa vizuri, mafundo yamefichwa ndani. Walikuwa wamekata nyumba yao. Bibi alikaa jikoni akautazama, na mara ya kwanza maishani nikamwona analia kwa sauti.

Na sasa zamu ya kuongeza ilikuwa yetu. Nikausukia tabaka jipya la mgomba, zuri kuliko yote, nikauweka darini kwenye moshi usiliwe na wadudu. Nikawa nalisikiliza kila lori linalotoka Rusumo. Bibi alikufa, nyumba ikavunjwa ikajengwa ya bati, nilipokuja kuutafuta mpira hakuna aliyejua ninaulizia nini. Visima vya fundi vimekauka. Uwanja ni mahindi. Yule msichana sijui kama alifika, sijui hata kama alivuka daraja. Nimeuliza. Unamwulizia vipi mtu ambaye uliishia kumwita "we wa kushoto"?

Basi, turudi kwenye simu. Ova ya mwisho, yaani mipira sita ya kumalizia, Rwanda walihitaji mikimbio miwili kwenye mpira wa mwisho, wakapata sifuri. Tukashinda kwa mkimbio mmoja. Wasichana wetu wakarukaruka. Halafu wakajipanga mistari miwili, wetu na wao, wakapita wakipeana mikono mmoja mmoja, na mmoja wa Rwanda akawa anamfuta mwenzake machozi huku anacheka. Niliwatazama mpaka wa mwisho. Wote kwa mkono wa kulia.

Dereva akarudi na chai yake. "Eh, dada! Mmeshindwa?"

"Tumeshinda."

"Sasa unalia nini?"

Nikafuta uso kwa kanga, nikaweka simu kwenye mkoba.

"Wamecheza zote tano, kaka," nikamwambia. "Zote tano."