Uwanja wa Dada Ndani ya Mahindi

Jumamosi jioni Baba huweka redio katikati ya meza na kutuambia tunyamaze. Kwangu hiyo si amri ngumu, maana nyumbani wanasema nilizaliwa nikasahau ulimi. Msomaji wa michezo huanza na kandanda, anaenda kwa wakimbiaji, na mwisho kabisa, siku akikumbuka, anataja tenisi. Anataja walioshinda tu. Jina la dada yangu hatujalisikia hata mara moja. Basi Mama husema, "Leo pia amewaachia," na kurudi jikoni. Hivyo ndivyo tunavyojua kwamba dada amecheza, ameshindwa, na yuko mzima.

Dada amenitangulia sana kwa umri. Tenisi alijifunza kwa sababu ya upweke wa mtu mwingine. Wakati huo Baba na Mama walifanya kazi kwa shamba la mzungu upande wa Moiben, shamba la ngano na ng'ombe wa maziwa, na mbele ya nyumba kubwa kulikuwa na uwanja wa tenisi. Uliundwa kwa udongo wa kichuguu, umepondwa na kushindiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa. Uhuru ulipokaribia, majirani wa memsahibu, mke wa yule mzungu, waliuza mashamba mmoja mmoja wakaenda kwao, naye akabaki na raketi zake bila mtu wa kucheza naye. Siku moja akamwita dada, aliyekuwa akiokota mipira iliyopotea kwa nyasi, akampa raketi na kumwambia arudishe tu. Dada akarudisha, miaka yote, mpaka memsahibu naye akauza. Hata leo mchezo wake ni huo. Hana mpira wa kuua. Anarudisha, anarudisha, mpaka yule mwingine achoke. Shida ni kwamba wale wazuri hawachoki.

Shamba lilinunuliwa na kampuni ya watu waliochanga, wengi wao wametoka mkoa wa Central kama sisi, na Baba naye alikuwa na hisa. Siku ya kugawa, namba zilitiwa ndani ya kofia na kila mtu akaingiza mkono. Mmoja alipata ukingo wa mto, mwingine akapata zizi, mwingine akapata mawe. Namba ya Baba ilipopimwa, uwanja wote wa tenisi ukaangukia kwetu, pamoja na vyuma vya kufungia neti. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Walimwuliza Baba kama sasa atakuwa anavaa kaptula nyeupe.

Lakini hao hao, baada ya kuvuna, waliuleta mzigo wao kwetu. Hapakuwa na mahali pengine tambarare namna ile, kwa hivyo akina mama wa karibu wote walianika mahindi na maharagwe kwenye uwanja, na Baba aliwaruhusu.

Dada alikuwa Nairobi. Klabu moja ilimwandika kazi ya kucheza na wanachama, hasa wake za wakubwa, na sharti lilikuwa asiwashinde sana. Jioni alipiga mpira ukutani peke yake. Mashindano yakitokea, Nairobi yenyewe, Mombasa, Kampala, alipanda basi na raketi zake mbili zimefungwa kwa kitambaa, akacheza siku moja, akarudi.

Krismasi alipokuja, tukiwa wawili tu tunachambua maharagwe, nilimwuliza kwa nini haachi. Hakukasirika.

"Kila mchezaji mkubwa lazima aanze na mtu," akasema. "Wao huanza na mimi."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Alitaka mara moja tu, kabla miguu haijazeeka, afike mzunguko wa pili kwa yale mashindano makubwa ya Nairobi. Kule klabu hakuwa na mazoezi ya kweli. Lakini akipata likizo Aprili, shule zikifungwa, angekuja nyumbani, na sisi wawili tungecheza kila siku kwenye uwanja wetu, mimi upande wa jikoni, yeye upande wa barabara.

"Niwekee uwanja," alisema. "Na wewe kazi yako ni kurudisha tu."

Sijawahi kutamani mwezi kama nilivyotamani Aprili ule. Nikitoka shule ya harambee nilibadilisha nguo nikafagia uwanja kwa matawi, nikang'oa nyasi kwenye nyufa, nikachora mistari kwa majivu ya jikoni. Mama mmoja jirani alisimama na debe lake la maji akaniuliza, "We msichana, unamfagilia nani? Memsahibu anarudi?" Niliinama nikaendelea. Nilikuwa nikimwona dada pale amesimama, na hiyo ilinitosha.

Ndipo Baba akasema amechoka kuwakaushia watu mahindi na yeye mwenyewe hana ya kutosha kukausha. Mvua ikianza, atalima pote. Nilikaa siku nzima nikipanga maneno, na jioni nikayasema mbele ya watu wote.

"Baba, dada alisema atakuja Aprili."

"Hata Aprili ya mwaka jana alisema atakuja," Baba akajibu. Halafu, nadhani kwa kushangaa kunisikia, akaongeza, "Sawa. Nitaanza upande wa barabara. Uwanja nitaulima mwisho."

Shule zikafungwa. Kila siku nilienda barabarani wakati wa basi la kutoka Eldoret. Walishuka wanawake na kuku, walishuka wanaume na mabati, ikashuka hata cherehani. Mvua iliwahi. Baba alilima akaufikia ukingo wa uwanja, akasimama siku kadhaa akiangalia mawingu na kuniangalia mimi. Majirani walikuwa wameshapanda. Asubuhi moja akaazima ng'ombe na plau.

Plau ilipogusa kile kichuguu ikaanza kurukaruka juu yake, haikuingia. Ilibidi tuchimbe kwa jembe, nyumba nzima. Mimi nilianza kwenye kona ya upande wa jikoni, pale ambapo ningesimama. Baba aling'oa vile vyuma vya neti akaniambia niviweke nyuma ya ghala, vizuri, visiote kutu. Hakusema ni vya nini.

Kwingine mahindi yalipanda mpaka begani. Pale uwanjani yalitoka kwa shida, ya manjano, yakafika magotini yakakoma. Ukiwa barabarani uliuona uwanja wote, pembe zake nne zimenyooka kuliko zamani.

Dada alikuja Agosti. Mwezi wa Aprili, wake za wakubwa walikuwa na mashindano yao wenyewe, klabu ikamnyima likizo. Yale makubwa ya Nairobi alicheza, nao wakaanza na yeye. Alishuka kwenye basi akayaona mahindi kabla hajatusalimia. Nilitaka kumwambia kwamba nilijaribu, lakini ulimi wangu mnaujua. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Baba," dada akasema, "kumbe hata mahindi hapa yanatolewa mzunguko wa kwanza."

Baba alicheka mpaka akashika mlango. Dada hakucheka sana. Aliweka mzigo chini, akafungua kitambaa, akanipa raketi moja, na kwa viatu vyake vya mjini akaingia kati ya mahindi mafupi mpaka upande wake. Mimi nikaenda upande wa jikoni. Mpira haukuwa na mahali pa kudunda, kwa hivyo ilibidi tuupige ukiwa hewani. Yeye ambaye maisha yake yote amesubiri nyuma, alikuwa akija mbele, mbele, akiufuata, na mimi nikirudisha. Nilirudisha mingi kuliko nilivyodhani naweza. Kisha mmoja ukanipita, tukautafuta kwenye mabua mpaka giza likaingia, tusiuone.

Jumatatu akapanda basi. Wakati wa kuvuna Mama aliupata ule mpira, umekuwa na rangi ya udongo, na Baba akauweka juu ya redio. Uko hapo bado. Msomaji akifika kwa tenisi, hakuna anayeangalia redio. Sote huangalia mpira.