Mkono wa Sita Kwenye Sinia

Ukitaka kupunguza kisa hiki, kapunguze kwa mwingine. Bei yangu ni moja: kilitokea mchana, saa tisa, na mkono wangu huu ulikuwa ndani ya sinia.

Tulikuwa watu wa Musoma tunaoishi Kisumu, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Kila Tisa Desemba tulikutana chumbani kwa Magesa, fundi cherehani, tukala ugali wa muhogo na mbuzi kama nyumbani. Mama Atieno, mwenye nyumba, hutucheka: "Nyinyi Uhuru yenu inakuja siku tatu mbele ya yetu. Njaa hiyo ni ya nini?"

Mwaka ule tungekuwa sita. Lakini mwezi uliotangulia mwenzetu Marwa alizama ziwani, Asembo Bay, na ziwa halikumrudisha. Tulilia, tukatuma barua kwao, basi.

Magesa alipotua sinia akageukia mlangoni, akaita, "Marwa! Usijifanye mgeni. Njoo ule!"

Tulicheka. Nani asingecheka? Mama Atieno alikuwa uani akianika omena, dagaa wa kwao. Hakucheka.

"Bwana Magesa, huyo unaita, mlimzika?"

"Mama, huyo hata akiwa majini hakatai mbuzi."

Tukala. Sasa, mtu anayeuza sufuria sokoni kama mimi huhesabu mara mbili, la sivyo anarudi nyumbani na vifuniko tu. Nikahesabu mikono: sita. Nikarudia: sita. Vichwa vitano.

Ule wa ziada ulipita kati yangu na Magesa. Niamini, sikutaka kuutazama. Ngozi nyeupe, imekunjamana kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, imelegea kifundoni kama mkono wa shati la kuazima. Chini ya kucha, tope jeusi. Na harufu! Samaki wa juzi angeonekana marashi. Ukafinya tonge taratibu, kama tunavyofinya kwetu, ukamega ini, ukalisogeza upande wa Magesa.

Kwetu ukimegewa nyama hukatai. Magesa akalichukua bila kuangalia.

"Usimeze!" nikamkemea.

"Kwani umeona inzi?" Akameza.

Mkono ukarudi ulikotoka. Juu ya ugali ukaacha utando wa ngozi, kama ule wa maziwa yaliyopoa, na alama za vidole juu yake. Tonge lililokuwa mdomoni mwangu likawa baridi na utelezi. Sikumbuki nani alitoka kwanza. Najua mlango ulikuwa mwembamba.

Magesa alitapika siku tatu. Maji ya tope, na miba midogo ya samaki. Sisi tulikula mbuzi, jamani! Akakonda hadi cherehani ikamshinda kukanyaga.

Mama Atieno ndiye aliyetuokoa, huku akitutukana. "Mtu anapotea kwa maji, mnanyamaza tu? Hapa kwetu tunamzikia tunda la yago, mnaloita mwegea, badala ya mwili. Mpelekeni kwao!"

Tukatafuta yago hadi huko Kombewa, tukapata moja zito kama mtoto mchanga, tukalifunga kwa shuka. Magesa akalipakata safari nzima hadi kwa mama yake Marwa. Siku lilipofukiwa, akaomba uji. Ukakaa tumboni.

Lakini hadi leo Magesa hali sinia moja na mtu, hata na mkewe. Mimi ini silipiki, wala sipiti linapopikwa.

Wewe uliye ugenini, shangilia sikukuu ya kwenu. Ila kama mna mwenzenu hajalala mahali, mlazeni kwanza, ndipo mnawe mikono.