Matundu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kutoka ng'ambo na vidonda vidogo tumboni, vya kufunikwa kwa plasta. Roho iliniuma papo hapo. Mimi, miaka ya themanini, kwa saratani ileile ya mfuko wa uzazi, nilipasuliwa kuanzia kitovuni hadi chini, na kwa muda mrefu sikuweza kuinua beseni la dagaa wa omena pale sokoni Usenge. Yeye, shemeji yake aliyeishi huko alimtafutia nafasi, akatobolewa tu. Waliingiza kamera na vyuma vyembamba, wakaukata mfuko, wakautolea njia anayopitia mtoto akizaliwa. Hata kwa ugonjwa nilitangulia mimi, lakini utaalamu mzuri ukamngoja yeye!

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali, wamama wa kanisa huja kumwona, na hawaridhiki mpaka waone kidonda. Walijaa sebuleni kwake Kondele, kila mmoja na pakiti yake ya sukari. Alipofunua tumbo walitazamana, kisha wakashangilia.

"Erokamano Nyasaye, asante Mungu! Mfuko iko!" alisema mama mkwe wake. "Shimo ndogo hivi, kitu kubwa kama ile ingetokea wapi?"

Wakaanza kumwombea mtoto, maana hakuwa amezaa. Moyo wangu ukazidi kuwaka. Kovu langu lilinitangaza kwa kila mtu. Mume wangu alileta mke mwingine hata nyuzi hazijatolewa. Huyu angenyamaza tu, ndoa yake ibaki salama, wakwe wakingoja mjukuu. Nilitamani kusema ukweli palepale.

Mama mkwe akanigeukia. "Mama, wewe ulipitia hii mambo. Si mfuko iko?"

Mdogo wangu alinikodolea macho, nguo bado ameishika juu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo mumewe alipotoka jikoni na chupa ya chai.

"Haiko, Mama," alisema. "Ilitolewa yote, mimi najua tangu mwanzo. Mambo ya mtoto wachaneni nayo. Ombeeni bibi yangu apone, akae na mimi."

Akamimina chai, kikombe cha kwanza akampa mkewe, mbele ya mamake.

Wivu niliokuja nao asubuhi ulikuwa mchezo tu kando ya huu wa sasa. Niliaga nikidai nawahi gari la Usenge, kwa sababu nisingeweza kukaa pale nikimtazama mumewe akimpulizia ile chai ipoe.