Mkono begani, kipindi cha nne

Leo nimejuta kuwaambia wanafunzi wachague wenyewe namna ya kujibu jaribio.

Nafundisha historia kidato cha pili, hapa Tabora. Mada ilikuwa misafara ya zamani ya wapagazi na watumwa, iliyopita hapa hapa. Wengi wameandika insha, wawili wamechora.

Mwajuma, binti wa mtaa wa Isevya ambaye tangu Januari sijamsikia akiongea darasani, akasema, "Mimi naomba tutembee, mwalimu."

Akatupanga mstari mmoja uwanjani, yeye mbele. Tufumbe macho, kila mtu ashike bega la aliye mbele yake. Hakuna kuongea.

Mimi nikawa wa mwisho.

Tukaukata uwanja, nyayo tu ndizo zinasikika. Katikati nikahisi mkono begani. Mzito, umelowa jasho. Nikadhani ni Mwajuma kaja kunirekebisha mwendo.

Tulipofumbua macho, Mwajuma alikuwa mbele kabisa. Nyuma yangu uwanja mtupu.

Nikamuuliza kama alikuja huku nyuma.

"Hapana, mwalimu." Akanitazama bega. "Na wewe umemhisi?"

Nimempa alama zote. Darasa limepiga kura, kesho turudie.

Jamani, nani atakuja asimame nyuma yangu?