Ubao wa Watoto Wanne

Ubao ule ulirudi mwezi jana, umefungwa kwa leso kuukuu ndani ya gunia la mkaa. Anti aliubeba mwenyewe hadi kibandani kwangu Kawangware, ninapouza fanicha zilizotumika, akauegemeza kwenye kabati taratibu kama mtu anayemketisha mgonjwa. Mimi na mazoea yangu ya biashara, kabla sijamsalimu sawasawa, nilikuwa nimeshaugonga kwa kidole, nikaupa bei kichwani, kisha nikaipunguza, maana hata nafsi yangu siiamini kwa bei ya kwanza. Mti mzito, hakuna dumuzi, vanishi bado inang'aa. Ndipo nikaugeuza nikaona maandishi. Hasira ikanipanda, na hadi leo haijapata pa kushukia.

Keti basi nikueleze, rafiki yangu. Chai ipo.

Nililelewa Kabiria, kwenye ploti ya Shosho, mamake Baba, wakati ploti za kule bado zilikuwa na nafasi ya kuku kutembea. Mpakani kulikuwa na safu ya mikima, ile miti mirefu yenye majani kama manyoya. Baba alikuwa fundi wa mbao. Karakana yake ilikuwa mabati juu ya nguzo, na sisi tuliamshwa na sauti ya randa kama wenzetu walivyoamshwa na jogoo. Maranda yalikuwa kila mahali. Yaliwasha jiko la githeri ya mahindi na maharagwe, yaliwatandikia vifaranga, na siku nyingine tuliyakuta ndani ya githeri yenyewe. Shosho alikuwa akisema, "Tafuna. Meno umepewa ya nini?"

Mwaka ule shule zilipofanywa bure, tukawa tunaketi kwenye dawati ubavu kwa ubavu kama mikate ya duka, Anti alipata mchumba. Anti ndiye kitinda mimba wa Shosho. Alikuwa karani katika ofisi moja Kilimani, na mwisho wa mwezi alituletea chipsi zilizokwisha kupoa, tukazila kwa heshima kubwa. Mchumba naye alikuwa mtu wa tai, na kwao walikuwa watu wa magari. Tulijua upande wao ungeleta friji. Sisi je?

"Waache walete friji," Shosho akasema. "Friji huharibika. Sisi tutaleta kitu ambacho duka halina."

Mkima mmoja ukaangushwa. Baba akapasua ubao mmoja mpana, akauanika juu ya moshi wa jiko la Shosho wazee walipokuwa wakivutana juu ya mahari, na kwa jinsi walivyovutana, ungeweza kukauka mara mbili.

Kwetu mtoto hatafutiwi jina. Jina ndilo humngojea mtoto. Mvulana wa kwanza huitwa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Basi Shosho akaamua kwamba juu yaandikwe majina ya maharusi, na chini yao watoto wanne watakaozaliwa. Kushoto, upande wa bwana harusi, Njoroge na Wambui. Kulia, upande wetu, Kamau, jina la babu yangu marehemu, na Nyokabi, jina lake mwenyewe Shosho. Nani angebisha? Yalijulikana kama siku za wiki.

Baba alizichora herufi kwa penseli, akazichimba kwa patasi, kisha tukazipitisha msumari uliochomwa ukawa mwekundu. Herufi ziligeuka nyeusi, zikafuka moshi mtamu ulioingia hadi kwenye sweta yangu ya shule. Nyokabi nilipewa nilichome mimi, kwa sababu hilo ni jina langu pia. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa Baba, na nilipewa jina la mamake. Nikalalamika kwamba naibiwa jina mchana kweupe.

"Jina halipungui," Shosho akaniambia. "Ni kama moto. Jirani akiomba kaa la moto, jiko lako limezimika?"

Siku hiyo hiyo jirani wetu, mama Mkamba aliyekuwa akitushonea magauni ya harusi, alikuja kunipima mabega. Akasimama mbele ya ubao, pini mdomoni.

"Hawa ni akina nani?"

"Wajukuu wangu," Shosho akasema.

"Wako wapi?"

"Wako njiani."

Jirani akatoa pini mdomoni. "Mama, kwetu mtoto hupewa jina akishafika. Amelia, tumemwona, ndipo tunamwita."

"Nyinyi hungoja," Shosho akamjibu. "Sisi hujua."

Tukacheka wote. Anti alicheka hadi akashika nguzo. Jirani akarudisha pini mdomoni, akaendelea kunipima.

Sisi hujua! Hayo maneno mawili nimeyahesabu, nikayahesabu tena, na kila mara huwa mengi kuliko nilivyoyaacha.

Harusini tuliuingiza ubao kwa nyimbo, Shosho mbele na kilemba kipya, mimi nyuma ya Baba nimeshika kona moja, naogopa kuiachia. MC akayasoma majina moja moja kwenye kipaza sauti. Kwa kila jina vigelegele vikapasua hema. Baba mkwe akasimama, glasi ya soda mkononi, akaita, "Njoroge! Fanya haraka, nakungoja!" Watu wakafa kwa kicheko. Friji lililetwa baada yetu, na nakuapia, halikupigiwa vigelegele nusu ya vyetu. Tulirudi Kabiria tumeshinda.

Ubao ukatundikwa sebuleni Kilimani, ukiutazama mlango. Likizo nilipelekwa kwa Anti, nikawa namsaidia kuosha vyombo na kupika chai ya wageni. Ndipo nikamjua mama mkwe. Aliingia, akasalimu ubao kabla ya kumsalimu mwenye nyumba. Alishika ncha ya leso yake akapangusa majina, moja moja, maharusi akawaacha na vumbi lao.

"Huyu Njoroge bado amelala?" alikuwa akiuliza.

"Bado, Mama."

"Na Wambui?"

"Na Wambui."

"Watu wa kwenu waliandika vizuri sana."

Mwaka wa kwanza Anti alijibu akicheka. Wa pili alijibu. Baadaye aliingia jikoni na kufungulia mfereji hata kama hakuna cha kuosha. Kina mama wa kanisa wakija kwa maombi walikaa wakiusoma ule ubao kana kwamba ni zaburi. Nyumba nyingine huulizwa kwa minong'ono. Yake iliulizwa na ukuta.

Alikwenda hospitali za Upper Hill hadi walinzi wakamjua. Safari moja nilimsindikiza. Daktari akafunga faili akasema, "Mama, wewe huna shida. Sasa mlete mzee." Mzee akasema ukoo wao haujui hayo maneno, angalia baba yake alizaa wangapi. Hakwenda. Nikamwambia Anti atoe huo ubao. Akasema, "Nikiutoa watasema nimekata tamaa. Nikiuacha wanasema nimekataa kuzaa. Wewe ungechagua gani?"

Shosho alizikwa akingoja. Hata kumkasirikia ipasavyo siwezi.

Kisha mwaka huu mama mkwe akaingia, akapangusa jina moja tu. "Wambui amefika," akasema. "Yuko Ruaka na mama yake. Ametufanana." Bwana alikuwa ameketi hapo hapo, anatafuta kitu kwenye simu. Kumbe hata mtoto akipatikana nje, foleni ya majina haivunjwi! Anti akapanda kiti, akautoa ubao msumarini, akaenda.

"Niuchome?" nikamuuliza kibandani. "Jiko lile pale."

"Wacha ujinga. Hapo kuna mamangu na babangu."

"Niuuze?"

"Nani atanunua majina ya watu? Leta msumeno. Kata katikati."

Nikapima, nikapima tena. Msumeno ukapita kati ya maharusi, jina la Anti likabaki kulia, la bwana kushoto. Unga ukamwagika viatuni mwetu na harufu ya mkima ikatoka, nzima, kana kwamba mti uliangushwa asubuhi. Ilitoka na karakana ya Baba, mahali ambapo leo pamesimama gorofa la vyumba vya kupanga. Ilitoka na githeri, na jirani na pini zake, aliyehamia sijui wapi. Sikupata kumwambia kwamba alisema kweli.

"Upande wao wapelekee," Anti akasema, akikunja leso. "Njoroge bado wanamngoja."

"Na upande wetu?"

"Wetu naenda nao. Kamau ni babangu. Na huyu Nyokabi," akanisukuma bega, "huyu alifika zamani, anasimama hapa kunipotezea wakati."

Nusu ile nyingine niliipeleka Kilimani mwenyewe, nikamwachia mlinzi getini. Akauliza atasema imetoka kwa nani. Nikamwambia kwa watu wanaojua.

Na lile friji, Anti ananiambia, bado linafanya kazi.