Nyumba Iliyofaulu Mtihani

Mwaka wa 1953 Nzabandora alikuwa mpimaji wa maziwa katika shamba la ng'ombe la mzungu mmoja, huko juu Masisi, mashariki mwa Kongo. Asubuhi alipima maziwa. Jumatano na Jumamosi mchana alivaa shati lake la pekee lenye vifungo vyote, akashuka misheni kusomea ujenzi. Mwalimu wake, Frère Léopold, alikuwa mtawa Mbelgiji aliyeamini kwamba mtu asiyeweza kuchora nyumba hana haki ya kulala ndani yake.

Nzabandora naye akaamini. Wakati huo yeye, mkewe Dancille na watoto wanne walibanana kwa mama yake, Nyirabagenzi, katika nyumba ya chumba kimoja, pamoja na mbuzi wawili ambao bibi huyo aliwaona ni wenyeji kuliko mkaza-mwana. Kiwanja walikuwa nacho, kwenye mteremko karibu na shamba la maharagwe. Kilichokosekana ni mchoro. Nzabandora aliuchora, akaufuta, akauchora tena. Mara sebule ilitazama mashariki, mara magharibi. Mwezi wa tano mchoro uliota ghorofa.

"Papa Emérita," Dancille alimwuliza, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "nyumba yetu iko wapi?"

"Iko mu karatasi. Karibu itaisha."

"Na sisi tutaingia mu karatasi siku gani?"

Nzabandora alicheka kwa upole wa msomi, akaendelea kuchonga penseli.

Mwezi wa nane mawingu yakaanza kukalia vilima. Jumatano moja, mumewe alipopotelea tu kwenye kona ya njia, Dancille alimwita kaka yake Sebarenzi na majirani, akawapikia, akawawekea pombe ya ndizi, wakachimba mashimo. Mwanafunzi aliporudi, miti ya kuta mbili ilikuwa imesimama. Alitoa kamba, akapima.

"Mama Emérita, hii pembe haiko sawa."

"Mvua ikikuja, utaipima na yenyewe."

Ikawa hivyo majuma sita. Kila alipokwenda kusomea ujenzi, nyumba yake ilijengwa. Kila alipobaki nyumbani, kazi ilisimama, maana alikuwa na masahihisho mengi. Sebarenzi ndiye aliyeligundua hilo mapema, akawa anamwuliza kwa heshima kubwa, "Shemeji, leo hamuna masomo?"

Dancille alizungusha mawe chini ya kuta, na paa la nyasi akalitokeza nje sana, hata mtu aliweza kusimama kando ya ukuta bila kulowa. Nzabandora alisema jambo hilo halimo katika daftari lake la masomo.

Kisha Frère Léopold akatangaza mtihani: angemtembelea kila mwanafunzi, aone alichojenga kwa mikono yake. Nzabandora alipoteza hamu ya kula siku tatu. Siku yenyewe mvua ilimwagika. Frère alifika na pikipiki, amelowa chapachapa, akajibanza ukutani, na hapo hapo akashangaa kuona kwamba halowi tena.

"Nzabandora! Wazo hili la paa umelitoa wapi?"

Dancille alikuwa mlangoni na kikombe cha maziwa ya mgeni. Nzabandora alimtazama, akayatazama mawe, kisha akavitazama viatu vyake.

"Kwenu, Mwalimu," akasema.

Frère alifurahi mno, ingawa alijitahidi bila mafanikio kukumbuka lilikuwa somo la siku gani. Dancille alimpa maziwa. Kisha akarudi kwenye kazi zake, na Nzabandora, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, akatamani angezisikia.

Nzabandora alishika nafasi ya kwanza darasani. Zawadi yake ilikuwa kazi: kusimamia ujenzi wa shule huko Ntoto, katika misitu ya Walikale, miaka miwili, familia ibaki. Basi watu wote wakahamia nyumba mpya isipokuwa mjenzi mwenye cheti. Hata Nyirabagenzi alihamia na mbuzi wake, akiwaambia wageni kwamba mwanawe ana akili.

Baada ya miezi minne ikaja barua. Katekista alimsomea Dancille: paa la shule linavuja, tafadhali, zile fito za pembeni ulizifungaje? Dancille akamwambia aandike maneno matatu tu: "Angalia mu daftari."

Barua ya pili ilikuwa ya namna nyingine. "Mama Emérita, nilisema uongo mbele ya mugeni. Na hapa niliwaambia watu kama nyumba ya Masisi nilijenga mimi. Sasa wananiangalia. Kuya unisaidie."

Dancille alimwomba katekista amsomee mara mbili. Kisha akafunga safari kwa miguu, mtoto wa mwisho mgongoni. Aliwakuta mafundi wameketi chini ya paa, kila mmoja akikwepa tone lake. Nzabandora alisimama, akakohoa.

"Huyu njo alijenga ile nyumba, hapana mimi," akawaambia wote. Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Dancille alimpokeza mtoto, akakaza kitambaa kiunoni, akapanda ngazi. "Paa litoke mupaka hapa," akasema, amenyoosha mkono.

"Iko santimeta ngapi?"

"Iko mukono wangu."

Nzabandora akamwachia fundi mmoja mtoto, akapanda nyuma yake na mita. Akaupima mkono ule toka begani hadi ncha ya kidole, polepole, na kuandika.